Wahakiki wa Uriri

Uriri hatuna uhaba wa wahakiki. Wasomaji ndio adimu. Mtaje Akoko wa The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola ya mwaka 1994, uone. Mzee anayengojea malipo ya miwa atakwambia kitabu hicho ndicho kilichoharibu wasichana. Amekisoma? Hata. Ila binti yake alikisoma shuleni, na tangu hapo anauliza shamba limeandikwa kwa jina la nani.

Ng'ombe 30 wa mahari ya Akoko mzee anawajua barabara, na ameshawapiga hesabu kwa bei ya leo. Ukifika pale Akoko, sasa mjane, anapofunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake kwa serikali, simu ya mzee inaita ghafla.

Mama wa kanisa naye kabakia kwenye ubatizo wa Akoko: "Si unaona, aliokoka!" Kwamba aliwaacha watu wa mumewe na jeuri yao kwanza, hilo analiruka kama dimbwi.

Jaduong', mzee wetu, kitabu kimo sandukuni mwa binti yako. Kifungue hata kurasa kumi, kisha ndio ukitukane.