Mnanisikia? Programu za Mikutano ya Video na Vituko Vyake

Programu za mikutano ya video zinazotumika zaidi maofisini ni Zoom, Google Meet, Microsoft Teams na Webex. Pembeni yao ipo WhatsApp, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya vikao lakini imevibeba vingi, na Jitsi, ambayo ofisi yenye fundi wake inaweza kuiweka kwenye seva yake yenyewe. Zote zinafanya kazi ileile: kuonyesha nyuso, kupeleka sauti, na kumwezesha mmoja aonyeshe jedwali lake huku wengine wakisoma meseji. Kwenye matangazo hazitofautiani sana. Hutofautiana pale mambo yanapoharibika, na kwa kuwa mambo huharibika kabla ya ajenda ya kwanza, hapo ndipo pa kuzilinganishia.

Wazo lenyewe si geni. AT&T ya Marekani ilionyesha simu ya picha, Picturephone, katika maonyesho ya New York mwaka 1964, ikaanza kuiuza Pittsburgh mwaka 1970 kwa dola 160 kwa mwezi. Wateja walikuwa wachache: bei ilitisha, na wengi hawakuona sababu ya kuchana nywele ili wapokee simu. Webex ilianza mwaka 1995, ikanunuliwa na Cisco mwaka 2007. Injinia wake mmoja, Eric Yuan, aliondoka akaanzisha Zoom mwaka 2011. Korona ilipofunga ofisi, washiriki wa vikao vya Zoom kwa siku walipanda kutoka milioni 10 Desemba 2019 hadi milioni 300 Aprili 2020. Skype, iliyozaliwa mwaka 2003, ilifungwa Mei 2025 na watumiaji wake wakaelekezwa Teams. Na mwaka 2023 Zoom iliwataka wafanyakazi wake wanaoishi karibu na ofisi warudi kukutana ana kwa ana walau siku mbili kwa wiki. Hao ndio wanaoijua Zoom kuliko mtu yeyote.

Kituko cha kwanza kiko mlangoni. Google Meet hufunguka kwenye kivinjari cha kompyuta bila kupakua kitu, na kwa kuwa simu nyingi za Android tayari zina akaunti ya Google, wageni wengi huingia bila kuuliza. Zoom hupenda programu yake ipakuliwe kwanza. Njia ya kivinjari ipo, ila imewekwa pembeni kama mlango wa uani. Teams ni raha kwa ofisi inayotumia Microsoft 365, maana kalenda, mafaili na kikao viko pamoja. Lakini mteja wa nje akitumiwa linki ya kikao hicho huulizwa maswali mpaka anaamua kupiga simu ya kawaida. Anayefanikiwa kuingia huonekana kwa jina lililomo kwenye kifaa chake. Ndiyo maana kumbukumbu za vikao huandikwa: "Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mhasibu, Galaxy A12 na Junior Darasa la Nne." Junior ni meneja wa mauzo, aliyeazima kompyuta ya mwanawe.

Kituko cha pili ni muda. Zoom na Webex za bure hukata kikao baada ya dakika 40. Meet na Teams huvumilia kikundi hadi dakika 60. Wanaoongea wakiwa wawili tu, Meet huwaachia saa 24. Dakika 40 zilipangwa na watu wasiojua shikamoo. Katika ofisi ya Dar es Salaam kila anayeingia lazima aamkie, aulizwe habari za nyumbani na apewe pole ya msiba. Anayechelewa huanza upya, wakubwa kwanza. Hatimaye mwenyekiti anafika kwenye neno lililowaleta watu, "Kuhusu nyongeza ya mishahara, uongozi umeamua...", na skrini inazimika. Linki mpya inatumwa, watu wanarudi, wanaamkiana tena. Rahisi ghali. Zoom ya kulipia huruhusu kikao cha hadi saa 30, muda ambao hata kamati ya harusi haijaumaliza.

Cha tatu ni sauti. Nusu ya kwanza ya kikao wanaoongea wamezima maiki. Nusu ya pili wasioongea wameiwasha. Kupitia maiki hizo ofisi nzima husikia jogoo, bodaboda, na sauti kutoka jikoni ikisema, "Dada, maharage yanaungua!" Zoom na Teams zina kichujio cha kelele kinachofanya kazi nzuri kwa feni, lakini jogoo wakati mwingine hukishinda. Kwenye Zoom, mwenyeji wa kikao anaweza kuzima maiki za wote kwa mkupuo, na aliyezimiwa akabonyeza kitufe kirefu cha nafasi na kukishikilia anaposema neno moja. Mwangwi ni jambo jingine: hutokana na vifaa viwili vilivyowashwa sauti katika chumba kimoja, na kubadilisha programu hakuuponyi.

Picha nayo ina yake. Februari 2021 mahakama moja ya Texas ilikuwa ikiendesha shauri kwa Zoom. Wakili mmoja akatokea kwenye skrini akiwa paka mdogo mwenye macho ya huzuni, kwa sababu ya kichujio cha picha kilichoachwa kwenye kompyuta ya msaidizi wake. Ikabidi amhakikishie jaji kuwa yeye si paka. Kipengele cha kujiangalia kabla ya kuingia kipo kwenye programu zote kubwa, na kukitumia hakulipiwi.

Cha nne ni mamlaka. Mwaka 2020 watu wasioalikwa walikuwa wakivamia vikao vya Zoom, mpaka kampuni ikafanya nywila na chumba cha kusubiri kuwa kawaida. Anayeshika kitufe ndiye mwenyekiti halisi. Baraza la kijiji cha Handforth, Uingereza, lilijifunza hivyo Desemba 2020, pale Jackie Weaver, aliyekuwa akisimamia kikao, alipomtoa mwenyekiti aliyekuwa akimwambia kuwa hana mamlaka hapo. Jackie alikuwa na kitufe. Ukubwa wa kikao nao una mpaka: kwenye WhatsApp kikomo ni watu 32, idadi inayotosha kwa idara lakini si kwa mkutano wa wanahisa.

Cha tano ni mtandao. Kwa maelekezo ya Zoom yenyewe, video nzuri ya watu wawili inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde. Sauti peke yake hutosheka na 60 hadi 80. Anayeishi kwa bando huzima kamera, na asiyeoga huzima kamera pia, wote wakisema, "Samahani, mtandao unasumbua." Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kisingizio hicho kilikuwa kweli kwa nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mpaka nao huamua: wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam mwenye mteja Dubai hawezi kuitegemea WhatsApp, maana simu zake zimezuiwa huko kwa miaka mingi, huku Zoom na Teams zikiruhusiwa kikazi.

Kurekodi ni suala la sheria. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Washiriki waambiwe kabla. Ofisi isiyotaka maongezi yake yapite kwa watu wa nje ndiyo inayofaa kuhangaika na Jitsi.

Cha mwisho ni kutoka. Kikao kimefungwa, asante zimeisha, nyuso zinatazamana na kila mtu anatafuta kitufe. Mmoja anadhani ameshatoka: "Jamaa anaongea huyu, mpaka kichwa kinauma!" Jamaa bado yupo, anasikiliza. Kwa hali hii Zoom, Meet na Teams zote zina dawa moja: kitufe cha kufunga kikao kwa wote, ambacho mwenyeji akibonyeza hakuna anayebaki nyuma.

Kwa jumla, ofisi iliyokwisha kulipia Microsoft 365 haina sababu ya kununua kingine zaidi ya Teams. Yenye wageni wengi wa kupita itapata taabu ndogo zaidi kwa Meet. Yenye mafunzo na mikutano mikubwa italipia Zoom au Webex, na ya watu sita wanaokaa chumba kimoja isogeze viti.