Jinsi ya Kusifiwa Mkutanoni Bila Kujua Programu Nyingi

Jumamosi umealikwa kwenye mkutano wa watengenezaji programu hapa Kakamega, na unajua kidogo. Usihofu. Wengi watakaokuwepo wanajua kidogo pia, ila wamezoea kukunja uso mbele ya skrini. Unataka uonekane mtu wa maana. Tamaa hiyo ni halali. Hakuna anayeenda pale bila hiyo. Nitakupa njia za mkato, na nimezichagua zile zisizomwumiza mtu.

1. Fika mapema. Mwaliko ukisema saa tatu, watu wataanza kuingia saa nne wakiilaumu matatu ya kutoka Mumias. Wewe uwepo saa tatu. Panga viti, tafuta waya wa ekstenshoni, uliza nywila ya wai-fai uiandike ubaoni kwa herufi kubwa. Hujaandika hata mstari mmoja wa programu, na tayari kila anayeingia anakudhania mwandalizi.

2. Acha pengo. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote. Mmarekani Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa mikutano ya Write the Docs, aliipa jina la Pac-Man, yule wa mchezo wa kompyuta mwenye mdomo wazi. Mkisimama kikundi kuzungumza, duara lisifungwe. Ibaki nafasi ya mtu mmoja zaidi. Sasa tazama mlangoni. Yupo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ameinamia simu. Hasomi chochote, anatafuta pa kuweka mikono. Sogea nusu hatua, mwite: "Karibu, unaitwa nani?" Kisha litaje jina lake kwa wengine. Atakukumbuka miaka mingi zaidi kuliko atakavyomkumbuka msemaji mkuu, na huenda siku moja yeye ndiye atakayekuajiri.

3. Usishangae. Mtu akisema hajui Git, ile zana ya kutunza matoleo ya programu, shingo yako itataka kurudi nyuma na mdomo utoe "Kweli hujui?" Uzuie. Kule New York kuna Recurse Center, mahali watu wazima wanapokwenda kunoa uandishi wa programu, na miongoni mwa kanuni zao chache mojawapo ni hiyo: usijifanye kushangaa mwenzako asipojua jambo. Nyingine ni kutomkatiza mtu ili umsahihishe kijambo kisichobadilisha alichokuwa akisema. Anayeshangaa hutaka aonekane mjuzi, na chumba kizima humsoma. Wewe jibu kwa sentensi mbili. Kama nawe hujui, sema, "Hata mimi nimesikia jina tu, twende tumwulize yule." Hata isukuti, dansi ya Waisukha na Waidakho, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na hakuna anayeiuliza ile ndogo imefuata nini.

4. Uliza swali fupi. Usiwe yule anayepewa maikrofoni akaanza, "Mimi sina swali, nina mchango kidogo." Tunamjua, na chai inapoa. Swali la maneno kumi humpa msemaji nafasi ya kung'aa, naye atakusifu, "Swali zuri sana." Umepata sifa mbele ya watu wote kwa sekunde tano. Na usione haya kuuliza bila ujuzi wa kuandika programu. Ory Okolloh ni mwanasheria. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, aliuliza hadharani nani angesaidia kutengeneza ramani ya matukio ya vurugu. David Kobia, aliyekuwa Marekani, akaandika programu kwa siku chache, na hivyo ndivyo jukwaa la Ushahidi lilivyozaliwa.

5. Hapa sina njia ya mkato. Msichana aliyekuja na laptopu yake amekuja kwa kazi ileile uliyoijia. Usimwulize amesindikizwa na nani. Usimweleze alichokiandika mwenyewe. Usimfuate hadi stendi ya boda ukiomba namba aliyokwisha kukunyima. Ukimwona mwenzako akifanya hivyo, mwite pembeni; asiposikia, waambie waandalizi palepale, maana kesho binti hatarudi na mkutano utakuwa umepoteza mtu. AkiraChix walianza Nairobi mwaka 2010 kuwafunza wasichana teknolojia. Hawakuwafunza ili waje kusumbuliwa chumbani kwetu.

Picha nazo ziombe kwanza. Kama adabu haikutoshi, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mwaka 2023 klabu moja ya burudani Nairobi iliamriwa kulipa shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

6. Fulana chukua moja. Mandazi mawili, ukague foleni, ndipo urudi kwa la tatu.

7. Feli ukiwa umejiandaa. Siku ya kuonyesha kazi yako itafika, na programu itagoma. Tangu 2017 Safaricom imewawekea watengenezaji programu Daraja, njia ya kuziunganisha programu zao na M-Pesa, na kila mkutano yupo kijana anayetaka simu ya mtu wa mstari wa mbele iombe namba ya siri mbele ya wote. Simu haineni. Mtandao umelala, au stima imepotea kwa mvua ya alasiri, ile tunayoijua. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mkutano, rekodi kila hatua ikifanya kazi, uhifadhi video ndani ya laptopu iliyojaa chaji. Ikigoma, usiombe radhi mara sita wala usimtupie lawama mwenye ukumbi. Sema, "Imegoma, hii hapa rekodi ya jana," kisha endelea. Wataje waliokusaidia, hata aliyekuonyesha koma iliyokosekana. Hadhira itakupigia makofi zaidi ya yule aliyefaulu bila jasho, kwa kuwa kila mmoja wao amewahi kusimama hapo.

8. Kabla hujaondoka, rudisha ule waya wa ekstenshoni kwa mwenyewe, kisha andikisha jina lako kwa mada ya dakika tano ya mkutano ujao. Mada yenyewe utaitafuta njiani.