Askari Aliyelazwa: Uainishaji wa Kompyuta za Mukurweini

Elimu ya kompyuta zisizo na ulinzi, kama inavyofundishwa kwenye benchi za saiba za Mukurweini, ina kanuni kuu moja: mashine yoyote yenye tatizo lolote hufomatiwa. Shosho akileta laptopu ya mjukuu kwa kuwa alama nyekundu imejitokeza pembeni mwa skrini, fundi hatazami mara mbili. "Shosho, hii tutafomati tu, uje jioni." Haulizi kama picha za mazishi ya mzee zimo ndani. Zimo.

Makala haya yanaipinga kanuni hiyo. Windows tangu toleo la 8, lililotoka Oktoba 2012, huja na askari wake wa virusi, Defender, ambaye asili yake ni kampuni ya GIANT iliyonunuliwa na Microsoft Desemba 2004. Askari huyu hadai mshahara wala haugui ovyo. Akinyamaza, mara nyingi kuna mtu aliyemlaza. Basi tutawaainisha wagonjwa kwa kuangalia nani aliyemlaza askari. Dalili tutawaachia mafundi.

Jamii ya kwanza ni askari aliyempisha mgeni. Laptopu ilinunuliwa ikiwa na programu nyingine ya kuzuia virusi, ya majaribio. Defender ana adabu: mwenzake akijisajili, yeye humwachia lindo. Majaribio yakaisha, hakuna aliyelipa, na mgeni akabaki nyumbani akidai pesa kila asubuhi. Mgeni aondolewe kabisa, mashine izimwe na kuwashwa, na askari atarudi mwenyewe. Hakuna faili inayoguswa. Jamii hii haimtoi jasho mtafiti.

Ya pili ni aliyefungwa kwa amri. Hupatikana sana katika mashine za ex-UK, zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika Nyeri. Mwenye nayo akijaribu kumwamsha askari, huambiwa kwamba mpangilio huo unasimamiwa na shirika lake. Mkulima wa kahawa wa Gikondi hana shirika ila chama chake cha ushirika, na anajua fika kwamba chama hakijawahi kumwamulia jambo upesi hivyo. Amri yenyewe ni mstari mmoja katika rejista ya Windows, chini ya sera. Mstari maarufu kuliko yote Microsoft iliacha kuutii katika mashine za kawaida Agosti 2020, lakini majirani zake bado wana nguvu pale ambapo kinga ya kuzuia mipangilio isichezewe, iliyoletwa 2019, imezimwa. Rejista ihifadhiwe nakala, mstari ufutwe, mashine iwashwe upya. Picha za mzee hazitajua kulikuwa na jambo.

Jamii ya tatu ndiyo yenye utamu: askari aliyeleweshwa. Hapa Office imewekwa bila risiti, na leseni imepatikana kwa kiprogramu kidogo ambacho maelezo yake huanza kwa sharti moja: kwanza zima Defender. Sharti hilo husomwa na kutiiwa na watu ambao hawajawahi kusoma masharti ya kitu kingine chochote. Kisha askari huwashwa tena, alama inakuwa ya kijani, na kila mtu anaridhika. Mtafiti makini afungue orodha ya mambo ambayo askari ameambiwa asiyaangalie. Mara nyingine atakuta herufi moja na nukta mbili: C:. Yaani alinde nyumba yote isipokuwa ndani.

Tiba yake ina utaratibu. Faili zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, si kwenye ile flashi inayozunguka saiba zote za mtaa na ambayo folda zake zimegeuka njia za mkato. (Folda hizo hazijapotea, virusi imezificha tu, na amri ya attrib huzifichua. Flashi nyingi hufomatiwa bure.) Orodha ya misamaha ifutwe, kiprogramu kiondolewe, kisha Defender afanye ukaguzi wa nje ya Windows, ambao huiwasha mashine upya na kuchukua kama dakika 15. Akikataa kuamka, amri ya sfc hukarabati faili za mfumo. Akizidi kukataa, Windows hupakiwa juu ya Windows kutoka kwa Microsoft yenyewe, kwa chaguo la kubakiza faili na programu.

Sasa linganisha na fomati. Picha zinakwenda, na flashi ya fundi inaleta Windows mpya pamoja na kiprogramu kilekile, chenye sharti lilelile. Kilichofutwa ni mazishi ya mzee. Ugonjwa umewekwa upya, tena kwa malipo.

Jamii ya nne haimhusu Defender, inamhusu ndugu yake wa getini: uwashaji salama, unaohakiki kinachoiamsha kompyuta. Mashine ya zamani ikihitaji diski ibadilishiwe mpangilio ili imkubali, fundi atasema fomati. Microsoft imetoa mbr2gpt tangu 2017, na kazi yake ni kubadilisha diski bila kuifuta. Ila diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, ufungaji usimamishwe kwanza, la sivyo mashine huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na mara nyingi ufunguo huo umo katika akaunti ambayo fundi alifungua siku ya kununua, kwa barua pepe asiyoikumbuka.

Kuna jamii ya tano, ambayo haijapata jina. Mashine imetibiwa, picha zipo, askari yuko macho. Siku ya tatu mwenyewe anarudi amenuna: Office inadai leseni, tena kile kiprogramu kila akikirudisha, kinafutwa. Anauliza kama kuna namna ya kumlaza askari kidogo tu, mpaka amalize kuchapa.