Zima Kipaza Sauti Kwanza

Mwinjilisti wa Bweranyange, umetumwa ukamrudishe kundini baba mmoja ambaye hajaonekana ibadani tangu msimu uliopita wa kahawa. Utahitaji mabuti, muda wa kutosha, na mdomo unaofungika. Kipaza sauti kiache kabatini. Yule mchungaji wa mfano wa Yesu aliwaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja yeye mwenyewe. Hakufunga spika juu ya mti akakaa kumsubiri.

Kabla hujatoka, jua kilichompeleka mbali, na usiwe na haraka ya kumtaja shetani. Hapa Karagwe mara nyingi chanzo ni butura. Januari shule zinafunguliwa, mtoto anadaiwa sare na madaftari, baba anauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, gunia si lake tena. Wenzake wanapeleka kanisani mkungu wa ndizi, kuku, ndoo ya maharage. Ibada ikiisha mnada unaanza nje, naye hana cha kuleta wala cha kununulia. Halafu yanasomwa kutoka daftarini majina ya waliomaliza ahadi zao za sadaka. Jumapili inayofuata anabaki nyumbani, na polepole anaanza kuamini kwamba Mungu naye analishika daftari lile lile. Wapo pia waliotengwa na meza ya Bwana kwa ndoa isiyofungwa kanisani, na mabinti waliozalia kwao huku waliowapa mimba wakiendelea kuimba kwaya. Hilo la mwisho linaniuma kuliko mengine yote.

Nenda siku ya kazi. Ukimkuta anageuza kahawa ya maganda uani, inama ugeuze naye. Chukua punje chache uzitikise kiganjani: zilizokauka zinalia ndani ya ganda, zenye unyevu zinanyamaza. Mwulize bei imefika ngapi, mnyauko umebakiza migomba mingapi, mama watoto anaendeleaje. Mvua ikitishia, shika pembe moja ya turubai. Ukikaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nawe hunywi, omba maji, unywe, ushukuru. Mahubiri juu ya kibuyu cha mwenyeji yamewafungia milango wengi.

Ukarimu si mgeni kwenye kilima hiki. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika hapa Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Grant aliugua mguu hata akashindwa kutembea. Januari 1862 mwenzake aliendelea na safari kwenda Buganda, na mgonjwa akabaki kwa Rumanyika mpaka Aprili. Alipewa hifadhi angali kilema, asiyefaa kwa lolote. Kanisa lililojengwa katika nchi hii halipaswi kumpokea mtu kwa masharti makali kuliko aliyopewa Grant.

Sasa kuhusu maneno yenyewe. Usimwambie Mungu anampenda kabla hajaona kwamba wewe unampenda. Ukianza kusema, anza na dhambi yako. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda na Kagera ulipata nguvu hapo: watu walisimama wakaungama makosa yao wenyewe, wakarudisha vya wizi, wakaomba radhi kwa majirani. Baadaye wapo waliogeuza wokovu kuwa kipimo cha kuwapimia wengine, na majirani wakaanza kuwakwepa njiani. Chukua njia ile ya kwanza. Kama ni usharika wako uliomwaibisha, tamka hivyo, uombe radhi, unyamaze. Anaweza kukaa kimya muda mrefu. Usiujaze ukimya huo kwa sala ndefu.

Usharikani kwako una kazi nyingine, na ndiyo ngumu. Ita wazee wa kanisa. Waombe majina ya waliomaliza ahadi yasisomwe tena hadharani. Waombe ndoa ya watu wasio na kitu ifungwe siku yoyote ya wiki, bila kamati, bila keki. Yule binti aliyezalia kwao akiitwa kujieleza, na kijana aliyempa mimba aitwe.

Akija Jumapili, mwache akae benchi la nyuma alilolichagua. Asiitwe mbele kutoa ushuhuda, asipigiwe makofi, wala asiulizwe alikuwa wapi. Na bahasha ya ahadi yenye jina lake isiandikwe mpaka aiombe mwenyewe.