Nkt! Watatu Wanakalia Viti Vinne

Nkt! Kijana wa watu ameketi hapa Kiamaiko, soko la mbuzi la Nairobi, laptopu mapajani, anachotaka ni kuchora mbuzi wa mchezo wake wa kompyuta tu, na sasa mbuzi wenyewe nusu wanapaa angani na nusu wametupwa pembeni mwa skrini. Kompyuta kimya! Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo, programu inakwenda kana kwamba duniani kumejaa mbuzi wenye mabawa. Watu wa bodaboda wamejazana begani kwake, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja kasema ni virusi. Mwingine kasema laptopu ya mtumba. Haya.

Kosa si la kuchora. Mbuzi anawajua, nani hapa hawajui? Wanashushwa kwenye malori kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, na nyama inatoka mapema kuelekea soko la Burma na kwenye mahoteli. Kila mbuzi wa mchezo wake amepewa mambo manne kwa mfuatano huu: umri, mahali aliposimama, uzito, rangi. Umri na uzito ni namba moja moja. Mahali ni namba tatu, na rangi ni tatu: nyekundu, kijani, buluu. Namba nane, kila namba baiti nne, jumla 32. Akazipanga kwenye bafa, yaani kipande cha kumbukumbu, kwa JavaScript, zimebanana, hakuna pengo, akazituma kwa chipu ya picha.

Sheda, yaani programu ndogo inayoendeshwa na chipu hiyo, ikazisoma kivyake. Ameiandika kwa WGSL, lugha ya WebGPU, na kwenye lugha hiyo namba tatu zilizofungwa pamoja, yaani vec3, haziruhusiwi kuanza popote zinapotaka. Lazima zianze kwenye baiti inayogawanyika kwa 16. Umri ukakaa baiti ya 0, sawa. Mahali, badala ya kuanza ya 4, pakarushwa hadi 16. Uzito ukaangukia 28. Rangi ikaanza 32 ikaishia 44, halafu mbuzi mzima akavutwa hadi 48 ili anayefuata naye aanzie penye 16 zake.

Sasa tazama vituko. Kwenye baiti ya 16 JavaScript ilikuwa imeweka uzito. Basi mbuzi wa kwanza, kilo zake 35, anasimama hatua 35 upande mmoja kwa sababu ni mnono. Uzito wake unasomwa kutoka kwa buluu, ambayo ni namba kati ya 0 na 1, kwa hiyo beberu mzima hafiki kilo mbili. Wekundu wake ni umri wa jirani. Mbuzi wa pili kimo chake angani kinatoka kwa mahali pa mbuzi wa tatu, ndiyo maana anapaa. Na bafa iliyopimwa kwa mbuzi 1,000 sasa inatosha mbuzi 666. Iliposikika namba hiyo, mzee mmoja muuza ngozi akainuka na kiti chake akahama kabisa.

Ukitaka kuelewa, fikiria basi lenye viti vinne kila safu. Mama na watoto wawili wanapewa safu nzima, kiti kimoja kinabaki. Abiria wa pekee akipanda mara tu baada yao, anakikalia, safari inaendelea. Lakini akitangulia yeye, anaketi peke yake mbele, mama hawezi kutoshea kwa sheria hiyo, anapelekwa safu ya nyuma, na viti vitatu vinasafiri bure. Kijana alimtanguliza umri. Angetanguliza mahali, kisha umri, kisha rangi, kisha uzito, zingekaa 0, 12, 16 na 28. Jumla 32 kamili. Mbuzi yuleyule!

Si uchawi pia, tusimtukane mwenye chipu bure. Chipu hizi zilikua zikishughulikia namba nne nne: nyekundu, kijani, buluu na uwazi, au x, y, z na w. Kuvuta baiti 16 kwa mkupuo kutoka penye mpaka safi ni rahisi, na 12 ni namba ya ovyo kwa saketi. Hapo naelewa.

Ninachosonyea ni kwamba kila lugha ina kanuni yake. Mchukue mbuzi huyohuyo, kwa mfuatano uleule wa mwanzo. Kwenye bafa ya konstanti ya HLSL, lugha ya Microsoft, mahali panaruhusiwa kukaa baiti ya 4 mradi hapavuki mpaka wa 16, kwa hiyo anatoka na baiti 32 na kijana angekunywa chai yake kwa amani. WGSL inasema 48. Metal ya Apple inaihesabu float3, yaani vec3 yake, kuwa baiti 16 kamili, kiti cha nne hakikaliwi na mtu, na mbuzi anafika 64. Mara mbili! Mbuzi hajaongezeka hata kwato.

GLSL, lugha ya OpenGL, nayo ina vitabu viwili vya kanuni. Cha kwanza, std140, kilikuja na OpenGL 3.1 mwaka 2009. Wesley Kirinya alipotoa mchezo wake wa Nyangi hapa Kenya mwaka 2007, kanuni hiyo hata haikuwepo. Walioanza baada yake ndio wameirithi. Kwenye std140 safu ya namba kumi za kawaida inameza baiti 160 badala ya 40, maana kila namba inapewa 16 zake kama mbunge anavyopewa walinzi. std430 ya mwaka 2012 ikarekebisha hilo kwa bafa za hifadhi, lakini vec3 ikaachwa inaringa vilevile.

Kuna njia za kuamuru mwenyewe. GLSL tangu 2013 inakuruhusu kuandika ofseti ya kila kipengele kwa mkono wako. Metal ina packed_float3, baiti 12 bila maringo. Vulkan 1.2 ya mwaka 2020 ilikubali mpangilio wa skala, ambao unabana kila kitu, chipu ikiweza. WGSL ina @align na @size, ila hizo zinakuruhusu kuongeza pengo, kamwe si kulipunguza.

Na usiniambie baiti 16 si kitu. Kwenye simu, chipu ya picha na chipu kuu zinagombania kumbukumbu ileile, na kila baiti tupu inayovutwa inakula betri.

Kwa hiyo, wewe unayeandika leo, kabla ya kuchora chochote jaza strakti yako namba 1 hadi 8, iambie sheda irudishe ilichosoma, ulinganishe. Kisha, ikiwa utanisikiliza, vec3 usiiingize kwenye bafa kabisa. Andika x, y na z kama namba tatu zinazojitegemea, kila moja baiti nne. Hapo HLSL, WGSL na Metal zote zinakubaliana: baiti 32.