MC, Tuchekeshe Kidogo

Hapa Shishiyu, Maswa, pamba ikishauzwa, simu yangu haipoi. Atapiga mwenyekiti wa kamati ya harusi, atafuatia mwalimu mwenye mahafali ya darasa la saba, kisha katibu wa chama cha msingi anayetaka mtu wa kuongoza mkutano wa wakulima na "kuwahoji wawili watatu, ila watu wacheke." Wote wananitaka Jumamosi, na wote wimbo wao ni mmoja: "MC, wewe ni mwenzetu." Ukisikia hivyo ujue hela hakuna.

Mpishi naye ni mwenzao, mbona analipwa? Mwenye jenereta analipwa, na mafuta anawekewa. Mimi nauza maneno, na kwa hesabu za kamati, maneno kila mtu anayo kwake.

Wengine hunionyesha kwenye simu video ya Churchill, yule Mkenya Daniel Ndambuki, ukumbi mzima umeshika mbavu. "Fanya kama huyu." Jamani, watu wa Churchill wamekuja kucheka. Wangu wamekuja kula. Saa tisa alasiri, jua la Maswa bado linachoma, harufu ya pilau inatokea nyuma ya nyumba, na aliyesimama kati yao na sufuria ni mimi.

Tena kabla ya kichekesho kuna itifaki. Napewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, imeandikwa mbele na nyuma: diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, wajomba, mashangazi, mwenye turubai. Naisoma yote. Nikitamka tu "itifaki imezingatiwa", mjomba mmoja mwenye kofia anainuka huko nyuma: yeye si mtu? Ng'ombe mnayemsubiri katoka zizini kwake! Basi naanza upya kutoka juu. Diwani anasimama tena kupunga mkono, na mara hii anapunga kwa raha zaidi.

Halafu mahojiano. Kuwahoji wazee wa Kisukuma kunataka moyo. Nilimsogelea bibi wa bwana harusi na maiki, nikamuuliza kwa adabu zote: "Mayu, siri ya ndoa yako kudumu ni nini?" Akaitazama ile spika, akanitazama mimi. "Nikiisema humo itakuwa siri tena?" Turubai lilitaka kuanguka kwa vicheko. Mkulima naye nilimuuliza bei ya pamba ameipokeaje. "Kwa mikono miwili. Ingekuwa kubwa ningeazima na ya mke wangu." Watu hoi. Kisha mwenyekiti wa kamati ananivuta pembeni: kumbe wageni wanachekesha wenyewe, sasa wewe tukulipe ya nini?

Bwana harusi akiwa Mzaramo angalau napumua, maana Wasukuma na Wazaramo ni watani. Namsema mpaka basi na shemeji zake wanashangilia. Akitoka kwingine, utani uleule unaitishiwa kikao cha familia kabla keki haijakatwa.

Wakati mwingine nawaonea wivu wacheza ngoma wa Kisukuma. Bagika na Bagalu wanashindana tangu karne ya 19: makundi yote mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Hakuna anayewapenyezea kikaratasi cha "fupisha, chakula kinapoa." Na wanasifika kwa dawa za kuvutia watu. Dawa yangu mimi ni betri mpya za maiki, nazo nanunua mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama una shughuli msimu huu, nusu ya malipo itangulie kwenye simu, nusu nyingine niipate kabla sijashika maiki. Pilau ya kwenye mfuko nifungie tu, sikatai, lakini bodaboda wa kunirudisha usiku haipokei kama nauli.