Kuchakachua Kifaru kwa Adabu

Umenunua kifaru. Kipo juu ya kabati ndani ya boksi lake, T-55 ya plastiki ya kipimo cha 1 kwa 35, na kila ukipita unalikwepa boksi kama unavyomkwepa mtu anayekudai. Juu pamechorwa kifaru kinachopasua vumbi. Ndani kuna fremu za plastiki zenye vipande mia na ushei, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, na karatasi ya maelekezo ambayo ukishaikunjua hairudi tena kwenye mikunjo yake. Sogeza kiti, ndugu yangu. Tutakijenga, na tutadanganya.

Nasema kudanganya, sisemi kulipua. Fundi anayelipua kazi hajali. Mdanganyifu mwema anajali sana, ila anajua pa kuweka nguvu zake. Mgeni atakayeinama mezani kwako ana macho mawili na nusu dakika. Ndani ya nusu dakika hiyo ataangalia mdomo wa mzinga, kisha minyororo, kisha rangi ya vumbi. Hizo tatu zipe hela yako na usingizi wako. Kwingine kote, funika kombe mwanaharamu apite.

1. Gawanya kwa 35

T-55 halisi, kutoka nyuma hadi mdomo wa mzinga, ina mita 9. Mezani kwako itakuwa sentimita 26 kasoro kidogo. Mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5. Zoea kugawanya kila unachokiona kwa 35, hata ukiwa kwenye daladala, kwa sababu hapo ndipo waongo wengi wanapokamatwa. Mtu anachota mchanga wa ufukweni, anaumwaga kuzunguka kifaru, anajisifu kwamba ametumia mchanga wa kweli. Punje moja ya nusu milimita, ukiizidisha kwa 35, ni kokoto ya milimita 17 na nusu. Amekiegesha kifaru chake machimboni.

Kipimo chenyewe, ukitaka cha kumsimulia mgeni wakati chai inapoa, kilitokana na betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza modeli ya kifaru cha Panther cha Wajerumani yenye mota, na ukubwa wa tumbo lake ukaamuliwa na betri zilizotakiwa kukaa humo. Walipokuja kupima, wakakuta ni kama 1 kwa 35. Watengenezaji wengine wakafuata.

Kisha jifunze alama mbili za ukoo. Ya kwanza: T-55 ina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili pana pengo kubwa kuliko mengine. Ya pili: T-54, mkubwa wake, ina kifuniko cha feni kama uyoga juu ya tareti, kile kichwa kinachobeba mzinga, T-55 haina. Kila ukumbi una mjuaji wake, na mjuaji huanza na hizo mbili. Akizikuta ziko sawa, moyo wake unatulia. Hatahesabu nati.

2. Spea: nunua mbili na nusu

Duniani kuna spea nyingi za kifaru cha plastiki kuliko za gari lako. Ukiachia mkono utatumia mara nne ya bei ya boksi na kifaru kitakuwa bado hakijasimama. Nunua mbili na nusu.

Ya kwanza ni mtutu. Mtutu wa plastiki mara nyingi huja nusu mbili. Ukizibandika, mshono unabaki. Ukiupiga msasa, mtutu unapoteza uduara na kuwa bapa. Nunua wa aluminiamu uliokerezwa kwa mashine. Mzinga wa T-55 ni wa milimita 100, mezani chini kidogo ya milimita 3, na mtutu wa kukerezwa unakupa tundu hilo likiwa duara kamili, kingo nyembamba, kiza ndani. Jicho la mgeni hutumbukia humo kabla ya kwingine kokote. Lipe kitu cha kutazama.

Ya pili ni minyororo. Ya kwenye boksi mara nyingi ni mkanda wa mpira, nao hukaza juu ya magurudumu kama mkanda wa cherehani. T-55 haina vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo. Mnyororo unalala juu ya magurudumu yenyewe, unalegea, unabonyea kwenye lile pengo. Kinachoulegeza ni uzito, na mpira hauna uzito. Nunua ya metali. Friulmodel wa Hungaria huiuza pingili mojamoja. Unazitoboa na kuziunga kwa waya, pingili 90 hivi kila upande. Itakula jioni tatu au nne, na vidole vitauma. Hapa usichakachue hata pingili moja. Washa redio, weka chai karibu, unga. Utakapouning'iniza upande wa kwanza ukauona unavyolala kwa uzito wake mwenyewe, utaita mtu aje kuuona.

Ile nusu ni bati la shaba. Eduard wa Ucheki na Aber wa Poland huuza mabati membamba kama karatasi, yaliyochongwa kwa tindikali, yenye kila kitu kuanzia wavu hadi lachi ya kisanduku. Nunua moja, tumia nyavu za juu ya injini na mabano ya madigadi, vingine virudishe kwenye bahasha. Plastiki haiwezi kuigiza wavu. Nati inaiweza vizuri tu. Bahasha iache mezani siku ya wageni. Mtu akiiona ataamini umetumia vyote, nawe hujatamka neno.

Injini ya rezini usinunue, wala viti vya ndani. Watu hutumia mwezi mzima kuipaka rangi injini ya silinda 12, kisha wanaifunika na haionekani tena. Funga mifuniko yote. Kifaru kilichofunga mifuniko kinaonekana kiko kazini. Na ukilazimika kukata rezini kwa ajili ya kitu kingine, ipige msasa ikiwa imelowa maji, na uvae barakoa. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, na hapo hakuna njia ya mkato.

3. Kipande kitaruka

Kipande cha shaba cha milimita 2 kikiteleza kwenye kibano huondoka kama kiroboto. Kwa hiyo kata ndani ya mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga: ingiza mikono yote miwili, kata, kipande kitaruka na kuishia ukutani mwa mfuko. Kabla ya kukunja, pitisha bati juu ya mwali wa mshumaa mpaka libadilike rangi, liache lipoe. Litapinda kama jani la mgomba, halitakatika.

Kikipotea kabisa, usipige magoti kwa tochi usiku kucha. Vua ngozi ya waya wa chaja iliyokufa. Humo kuna nyuzi za shaba. Sokota chache pamoja na umepata vishikizo vya tareti. Kopo la soda likikatwa kwa mkasi linatoa mabano bora kuliko ya dukani, tena yanayopinda na kukunjamana kama ya gari lililogonga mti.

Sasa ipe tareti ngozi. Tareti ya T-55 ni chuma cha kusubu, uso wake unakwaruza kama ganda la chungwa, lakini ya plastiki mara nyingi hutoka laini kama bakuli. Chukua puti, ilegeze kwa tina mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha chukua brashi iliyochakaa na uigonge juu ya tareti. Gonga, usipake. Ukipaka utapata mistari kama ya ukuta uliopigwa chokaa. Iache ikauke hadi kesho, pitisha msasa laini mara moja tu kuondoa ncha. Mikwaruzo yako, mishono yako, alama ya kidole chenye gundi uliyoiacha wiki iliyopita, vyote vimezikwa humo, na mjuaji atakusifu kwa kujua habari za chuma cha kusubu. Pokea sifa. Umezifanyia kazi.

4. Turubai hufunika mengi

Kuna mwanya mahali umekosea kuunganisha. Huwa upo. Loweka tishu kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ikunje tabaka tatu, iviringe mpaka iwe nene kama kidole chako cha mwisho, ilaze juu ya mwanya ikiwa bado mbichi ili ibonyee penye kona. Ikikauka ipake rangi: una turubai. Lakini lifunge. Kamba itoke mahali na ishike mahali. Turubai linaloelea juu ya kifaru bila kamba linamnong'oneza mgeni kwamba chini yake kuna jambo.

Askari je? Sura za watu ni ngumu, na jicho lililopakwa vibaya linaua kazi ya miezi. Mtoe askari mmoja kutoka kwenye mfuniko, mgeuze akitazama nyuma, ainame kama anayemsikiliza mwenzake aliye ndani. Mgeni ataona mgongo na kofia ya kifaru yenye mifereji, na atajiuliza wanaongea nini.

5. Rangi, kwa ufupi

Kijani cha Kisovieti kikitoka kwenye chupa ni kizito mno kwa kitu cha sentimita 26. Ongeza nyeupe kidogo na njano kidogo. Piga tabaka nyembamba, ngoja, rudia. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa kwa tina iguse kwenye mifereji na mizunguko ya nati. Itakimbia yenyewe kama maji kwenye mtaro. Halafu brashi kavu yenye rangi hafifu ipite juu ya kingo, mtindo ambao Mbelgiji François Verlinden aliusambaza kwa waunganishaji wa dunia nzima. Mara moja inatosha. Mara tatu, kifaru kinaonekana kimepakwa unga.

6. Udongo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nawe uniazime sikio. Maduka huuza unga wa rangi ya vumbi kwenye vichupa: vumbi la Ulaya, la jangwani, la majivu. Vizuri. Lakini vifaru vya ukoo wa T-55 vilitambaa Kagera katika vita vya 1978 na 1979, na udongo wa Kagera ni mwekundu wa kutu, unaoshika nguo na hautoki. Ukitaka kifaru chako kiwe cha huko, hakuna kichupa kitakachokutosha. Shemeji yangu aliniletea wa Kyaka kwenye mfuko wa sukari, nusu kilo, na sijaumaliza.

Utwange kwenye kinu kidogo. Uchekeche kwa kitambaa cha soksi ndefu ya nailoni, mara mbili, mpaka ukipuliza upande hewani kama moshi. Kumbuka ile kokoto ya milimita 17 na nusu. Ukiwa mkavu uweke kwa brashi, kisha dondoshea tina kwenye kona uingie ndani na kukaa. Kwa matope mazito ongeza gundi nyeupe.

Matope yana sheria. Hupanda kutoka chini na kwisha taratibu: mengi kwenye minyororo na kati ya magurudumu, machache ubavuni, juu ya tareti yawe pale tu buti za askari zilipokanyaga. Magurudumu yakiwa na mshono wa plastiki, tope litakusamehe. Gurudumu moja likiwa haligusi ardhi, na T-55 ya gundi huwa na moja, tope litalishusha. Ila mkono usikuzidi. Kifaru kilichozama chote kwenye tope kinatangaza kwamba mwenyewe ana mengi ya kuficha.

7. Gogo

Nyuma, chini ya madebe mawili ya mafuta, T-55 hubeba gogo. Kikinasa kwenye tope, askari hulifunga gogo kwenye minyororo. Minyororo inalivuta chini ya kifaru, kifaru kinalikanyaga na kujitoa. Kwenye boksi utalikuta la plastiki, na spea yake ya rezini ipo pia. Achana nazo zote mbili. Nenda kwenye mpera, kata kijiti kikavu chenye unene wa milimita 6 na urefu wa sentimita 8 hivi. Usikimenye chote, bakiza gamba kidogo upande mmoja, ncha zake zikwaruze kwa kisu zionekane zimekatwa kwa shoka. Kifunge kwa vipande viwili vya kopo la soda. Usikipake rangi.

Kifaru changu nilipokimaliza nilikiweka dirishani, mtutu ukielekea mlangoni ili kila aingiaye akutane na lile tundu. Jioni akapita mzee jirani yangu, aliyekwenda Kagera akiwa kijana. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti bila kukaribishwa. Mtutu hakuutazama. Alikinyanyua kifaru kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, akakigeuza nyuma, akapitisha kidole juu ya kijiti cha mpera polepole, ncha moja hadi nyingine.

"Mwanangu," akasema, "nani alikwambia habari za hili gogo?"

Nikamwambia nimeliona kwenye picha. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama chai ipo, akaanza kunisimulia walivyonasa.